Oili ya kwanza ya gari lililotoka bandarini

Ukinunua Toyota IST iliyotoka Japani, kabla hujaanza kuulizia bei ya rimu, fungua mlango wa dereva uangalie pale kwenye nguzo. Mara nyingi kuna stika ndogo ya Kijapani (wakati mwingine iko chini ya boneti) yenye tarehe ya kubadilisha oili na kilomita. Mwaka huenda umeandikwa kwa enzi za wafalme wao: 28 ya Heisei, jumlisha 1988, unapata 2016, 3 ya Reiwa, jumlisha 2018, unapata 2021. Linganisha na dashibodi. Stika nyingine huandika kilomita za sevisi inayofuata, kwa hiyo tofauti ya elfu chache isikushtue. Lakini stika ikisema 112,000 na dashibodi inasoma 78,000, huenda kilomita zimerudishwa nyuma; rudi kwanza kwa aliyekuuzia, gereji utakuja baadaye.

Stika isipokuwepo, maneno ya dalali hayahesabiki. Mwaga oili, weka filta mpya, andika kilomita zako na uanze upya.

Wateja wengi huniuliza kuhusu rangi. Oili kuwa nyeusi peke yake si ugonjwa. Inabeba uchafu, ndiyo kazi yake. Ukivuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia na gari lisiwashwe tena. Na ukifungua kifuniko cha kujazia oili ukakuta tope zito limeganda, usikubali fundi akuoshee injini kwa mafuta ya taa au dizeli. Tope likibanduka kwa mkupuo huenda kuziba chujio la pampu kule chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na mabaki ya dizeli huilegeza oili mpya. Mimi huweka oili nzuri, gari litembee kilomita 2,000 au 3,000, namwaga tena. Ni ghali kidogo, ila injini inabaki nzima.

Kazi yenyewe haina maajabu. Injini iwe na uvuguvugu, gari kwenye sakafu tambarare, na ukiinua kwa jeki weka stendi kabla hujaingia chini. Bolti ya sampu hufunguka kwa spana namba 14. Weka washa mpya (kile kipete cha kwenye bolti) na ukaze kwa kiasi; wanaoning'inia kwenye spana ndio wanaokuja kwangu na meno ya bolti yaliyokatika.

Kwenye filta usiwe na haraka. Ya zamani ikishatoka, igeuze uangalie mdomo wake: mpira wa duara upo? Kama haupo, umeng'ang'ania kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake mipira itakuwa miwili, presha itaisukuma nje, na oili yote inaweza kumwagika barabarani ndani ya dakika chache. Ubandue, futa pale panapokaa filta, paka mpira mpya oili kidogo, kisha zungusha kwa mkono. Mpira ukishagusa injini, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Kifungulio cha filta ni cha kufungulia.

IST yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500, inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Galoni inauzwa lita 4, na wengi humimina yote ili isibaki. Iache ibaki. Oili ikizidi sana, kranki (mhimili unaozunguka ndani ya injini) huipiga ikatoa povu, na pampu haisukumi povu vizuri.

Kuhusu uzito wa oili, mimi natumia 5W-30, iliyo nyepesi. Najua hoja ya wapenzi wa 20W-50, iliyo nzito: Dar ni joto. Lakini VVT-i, mfumo unaopanga muda wa valvu kufunguka, inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na oili nzito huchelewa kufika asubuhi unapowasha. Kwa injini inayokula oili, nzito hupunguza moshi. Ugonjwa unabaki palepale.

Ukiwasha, taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache. Chungulia chini, zima, subiri dakika 5, pima. Kisha pima kila wiki kabla ya kuwasha, maana injini hizi zikizeeka hunywa oili bila kudondosha hata tone, na taa ile haiwaki mapema: ikiwaka, presha imeshaanguka. Zile lita 0.3 za kwenye galoni ndizo za kuongezea.