Kutengeneza alama za ufunguo zisizo za kawaida katika programu za noti

Mwanakwaya wa Nairobi aliyeanza na toniki solfa (do, re, mi) kisha akajifunza noti za stafu, yaani za mistari mitano, huzijua alama za ufunguo kwa mpangilio mmoja tu: shapu, zinazopandisha noti nusu toni, huanza na F, ikafuata C, kisha G; flati, zinazoishusha nusu toni, huanza na B, ikafuata E, kisha A. Hajawahi kuona E flati isiyotanguliwa na B flati, wala G shapu iliyosimama peke yake. Mpangilio huo unatosha kwa nyimbo nyingi za kanisani na za mashindano, lakini wimbo wa taarab ulio katika maqamu (ngazi ya muziki wa Kiarabu) ya Hijaz huuvunja mara moja. Hijaz inayoanzia D ina D, E flati, F shapu, G, A, B flati na C, yaani flati mbili na shapu moja katika ngazi ileile. Kazi yangu ni kuandaa noti za vikundi vya hapa mjini, ambamo mpiga udi aliyelelewa Pwani hukaa pamoja na wapiga fidla waliofundishwa kwa mitihani ya muziki ya Uingereza, na swali la namna ya kuandika ufunguo wa aina hii hunijia mara kwa mara.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba ndani ya programu alama ya ufunguo ni vitu viwili kwa wakati mmoja. Ni mchoro unaokaa mwanzoni mwa kila mstari, na pia ni kanuni inayoiambia programu kila F isomwe vipi mpaka itakapoambiwa vinginevyo. Ukibandika shapu kama picha tu kando ya klefu, ile alama ya mwanzo wa stafu inayoonyesha noti zinakaa wapi, ukurasa utapendeza lakini kanuni haitakuwapo: programu itapiga F ya kawaida, na sehemu ya kila ala itakapotolewa, picha hiyo huenda ikabaki nyuma. Kwa hiyo ufunguo utengenezwe mahali panapohusika, hata kama kubandika ni kwepesi zaidi.

Katika MuseScore, ambayo ni ya bure na ndiyo ninayoikuta kwenye kompyuta za wanamuziki wengi ninaofanya nao kazi, bonyeza Shift na F9 ili kufungua paleti kuu, ingia kwenye sehemu ya alama za ufunguo, kisha uchague kutengeneza mpya. Utaona stafu tupu. Buruta flati mpaka mstari wa B, nyingine mpaka nafasi ya E, na shapu mpaka mstari wa juu kabisa wa F, uipe jina na kuiongeza kwenye paleti. Kabla ya kuandika wimbo wowote mimi huandika F mbili, moja ikiwa oktava moja chini ya nyingine, kisha nasikiliza. Zote mbili zinapaswa kulia F shapu bila alama yoyote mbele yake. Halafu naiweka alama hiyo kwenye stafu yenye klefu ya F (ya besi) na kutazama kama kila flati imetua kwenye mstari wake, kwa sababu matoleo ya programu hii hayafanani katika jambo hilo. Ukitaka ufunguo uingie kwenye stafu moja tu, shikilia Ctrl unapoburuta. Hata stafu mbili za piano zinaweza kubeba funguo mbili tofauti: katika Bagatelle ya kwanza ya Bartók, ya mwaka 1908, mkono wa kulia una shapu nne na wa kushoto una flati nne.

Wanaotumia LilyPond, programu ambayo noti huandikwa kwa maandishi badala ya kuburutwa, huandika mstari mmoja tu:

\set Staff.keyAlterations = #`((6 . ,FLAT) (2 . ,FLAT) (3 . ,SHARP))

Nambari zinahesabiwa kuanzia sifuri, hivyo C ni 0, E ni 2, F ni 3 na B ni 6. Hapa kanuni hufanya kazi kwa namna nyingine: ufunguo haubadilishi noti unayoiandika, bali huamua tu alama ipi ichapishwe mbele yake. F shapu utaitaja kuwa shapu kila mara.

Wapo wanaoandika Hijaz kwa flati mbili pekee na kuiweka shapu ya F ndani ya wimbo kila inapotokea, na wanaozijua maqamu husoma hivyo bila shida. Mimi huiweka shapu kwenye ufunguo kwa sababu F shapu ndiyo inayoitambulisha Hijaz, na mpiga fidla mgeni anapaswa kuiona kabla hajagusa uzi. B ni habari nyingine. Wimbo unapopanda, B mara nyingi huinuliwa, na unaposhuka hurudi kuwa flati. Kama katika wimbo fulani B imeinuliwa sehemu kubwa, naitoa flati yake kwenye ufunguo na kuiandika pale tu inapohitajika.

Ugumu wenyewe huanza ufunguo unapohamishwa. Mwimbaji akiomba Hijaz ya D ishushwe hadi C, ngazi inakuwa C, D flati, E, F, G, A flati na B flati. Shapu imetoweka kabisa, na zimebaki flati tatu ambazo si zile tatu za kawaida, kwa kuwa E haina flati. Mpe sehemu hiyohiyo ya D mpiga tarumbeta ya B flati, ambaye noti zake huandikwa toni moja juu, naye atapata E, F, G shapu, A, B, C na D: shapu moja tu, na ni ya G. Mpiga saksafoni ya alto atapata F shapu na D shapu bila C wala G. Programu inayohesabu ufunguo kwa idadi ya shapu au flati peke yake haiwezi kuyafikia majibu haya, hivyo kila sehemu inayohamishwa ikaguliwe kwa jicho na, ikibidi, itengenezewe ufunguo wake. Hiyo G shapu ya tarumbeta mimi siiweki juu ya stafu ilipozoeleka, kwa sababu msomaji mwenye haraka huona shapu moja kule juu na kudhani ni F. Naishusha hadi mstari wa pili.

Maqamu za Rast na Bayati zinadai zaidi, kwa kuwa zina noti zilizo kati ya nusu toni. Rast inayoanzia C ina E nusu flati na B nusu flati. Bayati inayoanzia D ina E nusu flati na B flati. Faili ya arabic.ly inayokuja na LilyPond inazo tayari, na Dorico Pro, programu nyingine ya noti, ina mfumo unaoigawa oktava sehemu 24, ambao juu yake unaweza kujenga ufunguo wako ukasikika ipasavyo. Katika paleti ya alama, hata hivyo, angalia sana umbo unalolichagua. Flati iliyokatwa kwa mstari, kwa Waarabu, hushusha noti robo toni, yaani senti 50 kwa kipimo kinachoipa nusu toni senti 100. Kwa Waturuki umbo hilohilo hushusha koma nne (koma ni karibu sehemu ya tisa ya toni), karibu senti 90. Flati iliyogeuzwa nyuma ni robo toni kwa watunzi wengi wa Ulaya, lakini kwa Waturuki ni koma moja tu, karibu senti 23. Hata hiyo 50 ni makadirio ya karatasini: Kongamano la Muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932 lilibishania mgawanyo huo wa sehemu 24 bila kuafikiana, na wapiga udi bado huiweka E ya Rast mahali wanapopasikia wao.

Baada ya kutangazwa mwaka 2024 kwamba Finale, programu ya noti ya siku nyingi, haitaendelezwa tena, wengi wanahamisha kazi zao kwa MusicXML, muundo wa faili unaobeba noti kutoka programu moja hadi nyingine. Muundo huo unaweza kubeba funguo za aina hii, kwani hutaja kila noti na kiasi inavyobadilishwa, hata kwa nusu ya nusu toni, lakini programu inayopokea inaweza isisome yote. Kwa sababu hiyo, pamoja na faili hilo natuma pia PDF ya kila sehemu, ili anayelifungua alinganishe mwanzo wa kila stafu kabla hajahariri chochote.