Maktaba ya taifa si idara ya wizara

Wengi huamini kwamba maktaba ya taifa ni idara ya wizara: waziri huajiri wakutubi na Hazina hulipia kila kitu. Imani hiyo haikuzuka hewani, kwani mishahara hutegemea sana ruzuku ya serikali.

Kwa Tanzania, hata hivyo, huduma za maktaba ziliundiwa bodi kwa sheria ya 1963, kisha ya 1975. Waziri hushughulika na sera, bodi husimamia shirika, na mkurugenzi mkuu huendesha kazi za kila siku. Yapo pia mapato ya ndani, kama ada za uanachama na za mafunzo ya ukutubi. Vitabu vya nchini havinunuliwi vyote: mchapishaji hutakiwa kisheria kuwasilisha nakala bila malipo.

Ukitaka kuhakiki Hazina hulipia kiasi gani, fungua kitabu cha bajeti cha wizara husika, tafuta ruzuku ya taasisi, kisha tenganisha mishahara, matumizi mengineyo na maendeleo. Hapa ndipo wasomaji wengi huteleza: fedha zilizoidhinishwa si lazima ziwe zilizotolewa. Zilinganishe na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uleule wa fedha, unaoanza Julai 1, si Januari.