SFP ya kilometa mingi haiko lazima njo ya muzuri

Hapa Goma batu wengi benye banafunga fibre banasema hivi: moduli za SFP (tuchombo twenye tunaingia kwa tundu ya mashini ya réseau na kutuma mwanga ndani ya fibre) zote ni moja, angalia tu kilometa, kama imeandikwa 40 basi inashinda ya 20. Naelewa inatoka wapi, kwa laini ya vyombo viwili tu kilometa inasaidia kweli.

Lakini GPON, ile réseau ya fibre ya kuleta internet ku manyumba, ni kitu ingine, ju fibre moja inagawanywa kwa nyumba mingi na chenye kinakula mwanga sana ni splita (kile kinagawanya mwanga), si umbali. Splita ya 1:32, ya kugawanya mara 32, inakula karibu dB 17 (dB njo kipimo cha mwanga yenye inapotea), wakati kilometa moja ya fibre inakula kama dB 0,35 tu, kwa hiyo toka Birere mpaka Himbi kabo yenyewe haisumbue kitu. Njo maana moduli za GPON zinapimwa kwa klasi: B+ inabeba hasara ya mpaka dB 28, C+ mpaka 32. Tena moduli ya sentrali (upande wa kampuni) inatuma kwa nanometa 1490 na kupokea kwa 1310, na nyumba zinajibu kwa zamu, kila moja mulipuko mufupi wa mwanga, kitu SFP ya kawaida haijue kupokea hata kama imeingia muzuri kwa tundu.

Kuhakikisha weye mwenyewe? Soma etiketi: ukikuta 1310/1550 na klasi hakuna, rudisha. Kisha pima mwanga kwa nyumba ya mteja: kwa B+ chombo yake inasoma mpaka -27 dBm (dBm njo nguvu ya mwanga yenye inafika), ila ukipita -8 kuelekea 0 ni mingi sana, kipokezi kinajaa, na pale ile moduli ya nguvu njo inaharibu.