Neno "default" kwenye mkataba wa mkopo lina maana gani?

Mwenye duka Darajani, Unguja, au mkulima wa karafuu Wete, Pemba, akipewa mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa Kiingereza, hatausoma mbali kabla ya kulikuta neno default. Akiuliza, huambiwa ni kushindwa kulipa. Jibu hilo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza watu.

Neno liliingia Kiingereza katika karne ya 13 kutoka Kifaransa cha kale, defaute, yaani upungufu au kukosekana. Mzizi wake ni Kilatini, fallere: kudanganya, kuangusha. Lilitumika mahakamani muda mrefu kabla ya kuhamia benki, na huko lilimhusu mtu aliyeitwa shaurini asifike. Maana hiyo ingali hai. Mdaiwa akipelekewa wito akakaa kimya, hakimu anaweza kutoa hukumu ya upande mmoja, hata kama mwenyewe alikuwa na hoja nzuri nyumbani. Timu isipotokea uwanjani, mpinzani hupewa ushindi kwa neno hilohilo. Maana ya deni ilishika katika karne ya 19, na ya kompyuta ikaja miaka ya 1960: mpangilio unaofuatwa pale ambapo mtumiaji hakuchagua, ambao simu zetu za Kiswahili huuita chaguo-msingi. Kote humo mtu alitarajiwa kufanya jambo, hakulifanya, na mambo yakaendelea bila yeye.

Sasa turudi kwenye mkataba. Humo default ni kuvunja sharti lolote lililotajwa kuwa ni kosa la aina hiyo, na kukosa rejesho ni mojawapo tu. Kuuza gari uliloliweka dhamana bila idhini ni default. Kuacha bima ikatike, ikiwa mkataba unaitaka, ni default. Kutoa taarifa za uongo kuhusu biashara yako, vilevile. Wapo wanaolipa kila mwezi bila kukosa na bado wakaingia humo. Kibaya zaidi, mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba likitokea kosa, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Aliyekosa rejesho la laki mbili anajikuta anadaiwa milioni kumi kwa mkupuo, na mdhamini wake naye anapigiwa simu. Kwa hiyo ni lazima kujua mkataba unatoa siku ngapi za kurekebisha kosa kabla ya kifungu hicho kufanya kazi.

Nchi nazo huingia humo. Novemba 2020 Zambia haikulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hatifungani zake, yaani hati za deni ambazo serikali huuza ili kukopa, na dunia nzima ikatumia neno hilohilo.

Neno hili halina haja ya kujua kwa nini hukulipa. Aliyeunguliwa na duka na aliyeficha pesa huku akijenga ghorofa wanaitwa jina moja. Kwetu, ambako sharia imelea lugha ya deni kwa karne nyingi, watu hawa wawili hawachanganywi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inaamrisha mdeni mwenye dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa. Na hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma. Aliyeishiwa kabisa ni muflisi, neno la ukoo mmoja na fulusi, vipesa vya shaba. Katika sharia, kadhi akishamtangaza hivyo, mali yake huuzwa na wadai wakagawana kwa kadiri ya madai yao.

Hata hivyo, nisidai kwamba zamani mdeni alikuwa salama. Zama za Masultani wa Zanzibar watu walikwepa riba kwa bei khiyari. Mwenye shamba alimuuzia tajiri shamba lake kwa sharti la kulikomboa akirejesha fedha ndani ya muda, na mara nyingi alibaki humohumo akilipa kodi. Kodi hiyo ilikuwa ndiyo faida ya mkopeshaji. Karafuu ziliposhuka bei, wengi walishindwa kukomboa. Deni la wenye mashamba likawa kubwa hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wengine bila kibali.

Leo mkopaji wa Zanzibar ana njia mbili. Benki ya Watu wa Zanzibar, kwa mfano, ina huduma za kawaida na tangu 2011 ina za Kiislamu pia. Katika huduma za Kiislamu benki nyingi duniani hutoza faini kwa anayechelewa ilhali anaweza kulipa, lakini fedha hizo hupelekwa sadaka, haziingii katika faida ya benki. Ukikaa na ofisa wa mikopo, muulize faini ya kuchelewa inakwenda wapi, na aliyepatwa na janga anaongezewa muda gani. Akujibu kwa kukuonesha kifungu chenyewe.