Pumu haiishi kikohozi kinapotulia

Siku ya Pumu Duniani huadhimishwa Jumanne ya kwanza ya Mei, na kila inapokaribia, maswali tunayoulizwa kliniki ni yaleyale: je, inhela, yaani kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, huzoesha mwili? Mtoto akishaanza kuitumia, ndiyo basi? Hapana. Tumelijibu hili mara nyingi, na bado wapo wanaofikishwa dharura huku inhela waliyoandikiwa iko kabatini, haijafunguliwa.

Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu wa njia za hewa. Kuta zake huvimba kwa ndani na kuwa rahisi kuchokozwa na vumbi, moshi, chavua, manyoya ya wanyama, hewa baridi au mafua. Zikichokozwa, misuli inayozizunguka hujikaza na ute huongezeka. Mgonjwa hubanwa kifua, hukosa pumzi, hukohoa, na anapotoa pumzi husikika mluzi. Dalili huja na kuondoka, mara nyingi zikizidi usiku au alfajiri. Wengine hawana mluzi kabisa. Yuko mtoto anayekohoa usiku tu, au kila akikimbia, naye hunyweshwa dawa za kikohozi miezi na miezi bila mtu kufikiria pumu.

Utambuzi huthibitishwa kwa spirometri, kipimo cha jinsi mapafu yanavyotoa hewa. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu mpaka pumzi imwishie, huvuta dawa ya kutanua njia za hewa, kisha hupuliza tena baada ya dakika 10 hadi 15. Kwa mtu mzima, hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 au zaidi, na ongezeko hilo lisipungue mililita 200, daktari ana msingi wa kusema ni pumu. Majibu mazuri ya siku moja hayamaanishi kwamba huna pumu. Ukipangiwa kipimo, uliza mapema dawa zipi usitishe na kwa saa ngapi, maana anayefika akiwa ameshavuta dawa huenda akapangiwa siku nyingine. Lakini ukibanwa, vuta dawa yako, kipimo kitasubiri.

Dawa zenyewe ni za aina mbili. Ya kutuliza hutanua njia za hewa ndani ya dakika chache, ila haigusi uvimbe. Ya kukinga ina steroidi kidogo, inayopimwa kwa mikrogramu, nayo hushusha uvimbe polepole. Wengi huiacha wiki wanayojisikia vizuri, wakati nafuu hiyo imeletwa na dawa hiyohiyo. Tangu 2019, mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, haupendekezi mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa dawa ya kutuliza ya muda mfupi peke yake. Ikiwa hiyo ndiyo pekee uliyo nayo, zungumza na daktari wako. Usibadilishe dozi mwenyewe.

Na tafadhali, ivuteni inavyotakiwa. Kwa inhela ya kubonyeza: itikise, toa pumzi yote, ibane kwa midomo, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta, kisha zuia pumzi hadi sekunde 10. Ukibonyeza kabla ya kuvuta, dawa huishia kwenye ulimi. Mtoto atumie speisa, chombo kinachounganishwa na inhela ili dawa ikae humo kabla ya kuvutwa, ambayo hata kwa mtu mzima husaidia sana. Baada ya dawa ya kukinga, sukutua na uteme.

Anayeshindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapohema au midomo ikibadilika rangi, yuko hatarini. Mluzi ukinyamaza huku bado anahangaika, msishangilie. Huenda hewa haipiti tena. Mketishe wima, asilale. Avute dawa yake ya kutuliza, mvuto mmoja kila sekunde 30 hadi 60, isizidi mivuto 10, au afuate maelekezo aliyoandikiwa na daktari wake. Asipopata nafuu, au hana dawa, apelekwe hospitali mara moja. Akipata nafuu, bado aonwe na daktari siku hiyo au kesho yake, na aende na inhela zake zote.