Comiket: soko la katuni lisilo na wateja

Soko kubwa kuliko yote la katuni za mashabiki, Comiket ya Tokyo, lilianza kwa mtu mmoja kukataliwa. Mwaka 1975 shabiki aliyeukosoa mkutano mkubwa wa manga, yaani katuni za Kijapani, wa siku zile alinyimwa nafasi ya kushiriki. Kikundi cha wahakiki kilichoitwa Meikyu, akiwemo Yonezawa Yoshihiro, kikapinga, kisha kikaitisha mkutano wake chenyewe. Tarehe 21 Desemba 1975, katika ukumbi mmoja wa eneo la Toranomon, vikundi 32 vilitandika kazi zao mezani. Watu wapatao 700 walifika, wengi wao wasichana wa shule, wapenzi wa manga za wasichana.

Kutokana na ugomvi huo ikatoka kanuni ambayo hadi leo haijaguswa: Comiket haina wateja. Mchoraji aliyekaa nyuma ya meza, mnunuzi aliyesimama mbele yake na msimamizi wa foleni wote ni washiriki, na wote wana wajibu. Usimamizi ni wa watu wa kujitolea, nao ni maelfu. Ukiisahau kanuni hii, utaratibu wote unaofuata utauona kama usumbufu tu.

Tuanze na meza. Kikundi, ambacho mara nyingi ni mtu mmoja tu, hupewa nusu meza: upana wa sentimita 90, kina cha sentimita 45, viti viwili na pasi tatu za kuingilia. Maombi hupelekwa miezi kadhaa kabla, na kwa kuwa waombaji huzidi nafasi, kura hupigwa. Fomu huambatana na kipicha kidogo cha kutambulisha kazi yako, na kipicha hicho ndicho kitakachochapwa kwenye katalogi nene ya washiriki. Wengi hukichora harakaharaka dakika za mwisho. Ni kosa, kwa sababu mnunuzi anayepanga njia yake kati ya maelfu ya meza hana kingine cha kukutambulia.

Kinachouzwa hasa ni dojinshi, yaani kijitabu ambacho mchoraji amekitoa kwa gharama zake, kwa kawaida cha ukubwa wa B5 au A5. Kikibanwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni. Wapo wachapaji waliobobea katika kazi hii, na hupeleka maboksi moja kwa moja hadi kwenye meza yako ukumbini. Lakini tarehe yao ya mwisho haina huruma. Aliyechelewa hubaki na fotokopi na stepla usiku wa kuamkia soko. Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchapa nakala nyingi mno kwa sababu bei ya kila moja hushuka: maboksi yasiyouzwa utayasafirisha kurudi nyumbani kwa pesa yako mwenyewe. Panga bei isiyohitaji chenji nyingi, yeni 500 kwa mfano, na uje na sarafu za kutosha. Mnunuzi naye anayetoa noti ya yeni 10,000 asubuhi huwakwamisha wote walio nyuma yake.

Foleni ndiyo fani ambayo Comiket imeifikisha mbali kuliko mkutano wowote ninaoujua. Meza nyingi hupangwa katikati ya ukumbi kama visiwa vyenye njia nyembamba, na foleni ya watu thelathini tu hapo huziba meza za majirani. Kwa hiyo vikundi maarufu huwekwa kando ya kuta, karibu na milango mikubwa ya kukunja, ili foleni zao zitolewe nje. Mtu wa mwisho hushika bango linalosema hapa ndipo mwisho, kisha humkabidhi anayefuata. Foleni ikikatwa ili kuacha njia, mtu wa mwisho wa kipande cha mbele hushika bango jingine, la kusema kwamba hapa si mwisho. Mnunuzi mwenyewe anafanya kazi ya usimamizi, wala hakuna anayeshangaa.

Historia haikuwa shwari. Baada ya kukulia Harumi, eneo la Tokyo lenye kumbi za maonyesho, soko lilihamia ukumbi wa Makuhari Messe, nje ya Tokyo, mwaka 1989. Mwaka 1991 polisi walivamia maduka yaliyouza dojinshi za ngono zisizofichwa inavyotakiwa na sheria, na ukumbi wa Makuhari ukakataa kuwapokea tena. Comiket ikarudi Harumi Agosti mwaka huohuo. Ukaguzi ukawa mkali: asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, kila kikundi hukabidhi nakala moja ya kazi mpya, na msimamizi huipitia. Isiyokidhi haiuzwi. Nakala hizo hutunzwa, jambo ninalolithamini sana, maana vijitabu hivi havipatikani kwenye maktaba za kawaida.

Tangu 1996 makao ni kumbi za maonyesho za Tokyo Big Sight, ambako hadi 2018 vikundi kama 35,000 viligawanywa kwa siku tatu. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo sehemu ya kumbi ilifungwa, hivyo mwaka 2019 soko likawa la siku nne, na kwa mara ya kwanza kila mnunuzi akalipia bangili ya karatasi ya kuingilia. Desemba ile walihesabiwa 750,000, kwa kujumlisha mahudhurio ya kila siku. Soko la Mei 2020 likafutwa kwa sababu ya korona. Liliporudi Desemba 2021, kikomo kilikuwa watu 55,000 kwa siku, na tiketi zikanunuliwa kabla kwa zamu za saa. Utaratibu wa zamu umebaki: ya mapema ni ghali, ya mchana ni nafuu. Kwa mgeni ninapendekeza ya mchana, ila vitabu vya ukutani huenda vikawa vimekwisha, basi tembelea visiwa.