Ushiriki wa wananchi huanza kwenye hadidu za rejea

Watu wanaofuatilia mipango ya kanda huniuliza sana: "Mkutano wa hadhara ni lini?" Huwa nawajibu kwa swali: hadidu za rejea zimeshapitishwa? Kama tayari, basi sehemu kubwa ya mliyotaka kuyasemea imeshafungwa, na huo mkutano mtaitwa kuchagua rangi ya mlango wa nyumba iliyokwisha ezekwa.

Mpango wa kanda, uwe wa bonde la mto, wa usafiri, wa taka au wa matumizi ya ardhi, huanzia kwenye karatasi chache ambazo hakuna anayezishangilia. Taasisi husika inaandika eneo la utafiti linaishia wapi, mpango utatazama miaka mingapi mbele, athari zipi zitapimwa na zipi zitaachwa, na njia mbadala zipi zitalinganishwa. Hizo ndizo hadidu za rejea. Baada ya hapo anaajiriwa mshauri mwelekezi, anakusanya takwimu, anaandika rasimu, rasimu inatolewa kwa maoni, kisha bodi inaipitisha. Wananchi wengi wanaanza kusikia habari hizi kwenye hatua ya rasimu, kwa sababu hapo ndipo tangazo linatoka na viti vinapangwa ukumbini. Lakini kufikia siku hiyo fedha za mshauri zimekwisha kutumika karibu zote, na mkataba wake kwa kawaida hauna kipengele cha kumrudisha kupima upya. Kiongozi mwenye nia njema anaweza kukubaliana nawe neno kwa neno, na bado asiwe na fungu wala muda wa kuifanyia kazi hoja yako.

Chukua mstari mmoja tu: mpaka wa eneo la utafiti. Tuseme kanda inapanga mtambo wa kusafisha majitaka, na hadidu zinasema utafiti utafanyika kuanzia mtambo ulipo hadi darajani. Kijiji kilicho chini ya daraja hakitapimiwa maji, kaya zake hazitahesabiwa, na jina lake halitatokea kwenye jedwali lolote. Wakazi wake wakija mkutanoni kueleza wasiwasi wao, watajibiwa kwa adabu kabisa kwamba hoja yao "iko nje ya wigo wa utafiti huu". Na jibu hilo litakuwa sahihi. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyekula rushwa. Ni mstari tu uliochorwa miezi mingi nyuma, kwenye kikao ambacho hakikuwa na mtu wa kutoka chini ya daraja.

Hoja hii imo kwenye sheria za kimataifa, ingawa wengi wanaozinukuu huiruka. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998, unaohusu haki ya watu kupata taarifa na kushiriki katika maamuzi ya mazingira, ulioanza kutumika 2001, unazitaka nchi wanachama ziwashirikishe watu mapema, wakati njia zote bado ziko wazi. Ulianza kama mkataba wa Ulaya na majirani zake chini ya Umoja wa Mataifa, lakini mlango wake uko wazi kwa wengine, na mwaka 2023 Guinea-Bissau ikawa nchi ya kwanza kutoka nje ya ukanda huo kujiunga. Sharti hilo la njia kuwa wazi ndilo kipimo ninachokitumia mimi. Nikikuta programu ya ushirikishwaji yenye vikao vingi na vipeperushi vya kupendeza, natafuta kitu kimoja: siku ya kikao cha kwanza, ni nini kilikuwa bado hakijaamuliwa?

Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi katika sheria yake ya maji ya mwaka 2000, ambayo naiona kuwa mfano mzuri kuliko yote ninayoifahamu ya kuweka kalenda badala ya maneno matamu. Kila bonde la mto linatakiwa kuwa na mpango, unaopitiwa upya kila baada ya miaka 6. Miaka 3 kabla ya mpango kuanza, mamlaka lazima ichapishe ratiba na programu ya kazi, pamoja na maelezo ya jinsi watu watakavyoshirikishwa. Miaka 2 kabla, ichapishe muhtasari wa matatizo makubwa ya maji yaliyoonekana katika bonde. Mwaka 1 kabla, itoe rasimu yenyewe. Na katika kila hatua, watu wapewe angalau miezi 6 ya kuandika maoni. Tazama inavyopangika: unaulizwa kuhusu utaratibu, kisha kuhusu tatizo, kisha ndipo kuhusu suluhisho. Mipango mingi niliyoisoma huanza na suluhisho.

Sasa kwa nini kanda, na si kata au wilaya? Kwa sababu mto hauna habari na mipaka ya halmashauri, wala moshi, wala foleni ya magari. Halmashauri ya juu ikikata msitu, ya chini ndiyo inayofurikiwa. Kwa hiyo kupanga kwa kanda ni jambo la lazima. Tatizo ni kwamba kanda mara nyingi haina mwenyewe. Bodi yake huundwa na wajumbe waliotumwa na halmashauri, kila mmoja amekuja kulinda pake, na mwananchi aliyekasirika hajui amfuate nani. Diwani anamwambia suala liko kwenye bodi. Bodi inamwambia ampelekee diwani wake.

Marekani wana sura yao ya jambo hili. Sheria ya shirikisho inataka kila eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 liwe na chombo cha kupanga usafiri wa kanda, chenye mpango unaotazama miaka isiyopungua 20 mbele na orodha ya miradi ya miaka isiyopungua 4. Mradi unaotegemea fedha za barabara au usafiri wa umma za shirikisho usipokuwa kwenye orodha hiyo, fedha haziji. Yaani orodha ndiyo kila kitu, na vikao vinavyoiandaa ni vya kuchosha kiasi kwamba anayevihudhuria ni yule anayelipwa kuhudhuria. Jimbo la Oregon lilijaribu njia nyingine. Baada ya sheria yake ya ardhi ya mwaka 1973 liliweka malengo ya kupanga ambayo leo ni 19, na la kwanza kabisa ni ushiriki wa wananchi. Kanda ya Portland ina baraza ambalo wakazi wanalipigia kura moja kwa moja, jambo la nadra kwa chombo cha kanda. Huko huko, barabara kuu ya Mount Hood, iliyokuwa ipite katikati ya makazi ya watu, ilifutwa miaka ya 1970 baada ya wakazi kuipinga hadi mahakamani, na sehemu ya fedha zake ikasaidia kujenga reli ya mjini iliyofunguliwa mwaka 1986.

Hapa huwa kuna mtu anayeniletea ngazi ya Arnstein, ile inayopima wananchi wamepewa nguvu kiasi gani katika maamuzi. Ni haki yake. Sherry Arnstein aliichapisha mwaka 1969, ina vidato 8, kuanzia kuwachezea watu hadi wananchi kushika usukani wenyewe, na hadi leo hakuna aliyeeleza vizuri zaidi yake kwamba kupewa taarifa na kuombwa maoni kunaweza kuwa geresha tupu. Lakini kwenye kanda ngazi hii inanipa taabu. Wananchi wapi washike usukani? Wa juu ya mto wanaotaka kumwagilia, au wa chini wanaotaka maji yafike? Kumkabidhi mmoja usukani ni kumnyang'anya mwingine. Katika kazi hizi mimi sihangaiki sana na kidato gani tumefika. Nahangaika na nani hayumo chumbani.

Maana hata chumba kilichojaa kinaweza kudanganya. Watafiti wa Boston University walipitia kumbukumbu za vikao vya mipango katika miji ya jimbo la Massachusetts, wakakuta kwamba waliosimama kuzungumza walikuwa wenye umri mkubwa zaidi kuliko wapiga kura wenzao, wanaume zaidi, wenye nyumba zao, na waliokaa hapo miaka mingi. Na wengi wao walipinga nyumba mpya kujengwa. Mpangaji, mama muuza sokoni, kijana wa zamu ya usiku, hawa hawakatazwi na mtu. Wamekatazwa na saa. Ndiyo maana sipendi kusikia "wananchi wamekataa" au "wananchi wamekubali" likitoka kwenye mkutano mmoja wa jioni. Ukitaka kujua maji ya mafuriko yalifika wapi, nenda kwenye nyumba zenyewe. Mwenye nyumba atakuonyesha ukutani alama ya tope iliyobaki, atakuambia mwaka, atakuambia maji yaliingilia upande upi na yalikaa siku ngapi. Weka alama hizo kwenye ramani na utapata mstari ambao mara nyingi unamsuta mtaalamu aliyechora wake kwa kompyuta.

Kuna upande wa pili ambao unaweza kunifanya nionekane najipinga. Kushirikisha mapema peke yake hakutoshi. Kesi ya Lamu inaonyesha vizuri. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa katika kaunti ya Lamu, Kenya, na ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Vikao na wananchi vilikuwa vimefanyika. Lakini Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira liliifuta leseni hiyo, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa ushirikishwaji. Vikao hivyo vilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika. Vilikuwa vya kuutambulisha mradi tu. Ripoti ilipotoka, ikiwa na athari zenyewe na namna zitakavyopunguzwa, watu hawakupewa nafasi ya kutosha kuisoma na kuijibu. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya athari ambazo hajaambiwa. Kwa hiyo milango ni miwili: mmoja kwenye hadidu za rejea, ambapo unasema nini kipimwe, na mwingine kwenye ripoti, ambapo unakagua kama kimepimwa kweli. Ukiingia wa kwanza tu, unaachiwa ahadi. Ukiingia wa pili tu, unakuta wigo umeshafungwa.

Kuhusu kuandika maoni yenyewe, naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo nguvu nyingi za watu hupotea. Taasisi nyingi huandaa jedwali la maoni na majibu: safu ya kushoto maoni yaliyopokelewa, safu ya kulia jibu la mpangaji. Nimejaza majedwali hayo. Likija oni linalosema "Tunaupinga mradi huu, utatuharibia mazingira yetu," safu ya kulia hujazwa kwa dakika moja: "Maoni yamepokelewa na yatazingatiwa." Hata watu elfu wakisaini, bado ni mstari mmoja na jibu moja. Sasa linganisha na hili: "Ukurasa wa 84 unasema kina cha mafuriko kimekokotolewa kwa vipimo vya kituo kilicho juu ya mahali kijito cha mashariki kinapoingia mtoni. Je, maji ya kijito hicho yamehesabiwa? Kama hayakuhesabiwa, tunaomba hesabu irudiwe kabla eneo la ujenzi halijathibitishwa." Hapo mpangaji hana pa kupita. Lazima amrudie mtaalamu wa maji, na lazima aandike ndiyo au hapana. Akiandika ndiyo, umepata takwimu. Akiandika hapana, umepata sababu ya kukata rufaa. Akikwepa, kukwepa kwenyewe kumeshaandikwa kwenye hati ya serikali, na mwanasheria wako atakipenda.

Huhitaji shahada kwa hili. Kijito cha mashariki anakijua mvuvi kuliko mshauri mwelekezi. Kinachohitajika ni mtu mmoja wa kukaa na mvuvi huyo, kufungua ukurasa unaohusika, na kuigeuza kauli yake iwe swali lenye namba ya ukurasa. Vikundi vya kijamii vinavyotumia fedha zao kukodi basi la kupeleka watu mkutanoni vingefanya vizuri kutenga sehemu ya fedha hizo kumlipa msomaji wa namna hiyo. Nimesema hivi mara nyingi, na sijapata umaarufu wowote kwa kusema.

Dai pia jedwali la majibu litoke kabla ya bodi kupiga kura. Likitoka baadaye ni kumbukumbu tu, halibadilishi kitu. Na lionyeshe maoni kwa maneno ya aliyeyatoa, kwa sababu muhtasari wa mpangaji una tabia ya kulainisha: "hatutaki kuhamishwa" hugeuka kuwa "wadau walionyesha haja ya elimu zaidi kuhusu fidia".

Swali linalobaki ni utazipataje hadidu za rejea wakati hakuna anayezitangaza kwa wananchi. Angalia sehemu mbili. Ya kwanza ni ajenda ya bodi ya kanda, kwenye kipengele cha manunuzi, ambacho watu hukiruka wakidhani ni habari za samani na magari. Ya pili ni tangazo la zabuni ya kumtafuta mshauri mwelekezi. Mara nyingi hadidu huambatanishwa humo humo ili kampuni zijue zinaomba kazi gani, na huambatana na tarehe ya mwisho ya kuuliza maswali ya ufafanuzi. Barua yako kwa taasisi, ikiuliza kwa nini eneo la utafiti linaishia darajani, ifike kabla ya tarehe hiyo. Kwa wakati huo kuusogeza mstari kunamgharimu mpangaji aya moja ya masahihisho.